Namba ya Waliorudi Nyumbani

Namba ya Mzee Kajiru Mgonja ilikuwa kumi na moja, na Aika Lyatuu alikuwa ameibeba tangu asubuhi kama mtu aliyebeba yai bichi mfukoni. Miezi kumi na moja. Hakuwa ameifikisha hata kwenye mlango wa wodi pale binti wa mgonjwa alipomdaka mkono karibu na jiko la hospitali, mahali ambapo harufu ya uji wa ulezi humfuata mtu mpaka nguoni.

"Dada Aika, nakuomba," alisema Naetwe. "Ukiingia mle, mwambie miaka. Mitatu, minne, chagua mwenyewe. Usiseme miezi."

"Nimeapa, Naetwe."

"Najua umeapa. Lakini mimi namjua baba. Ameshaniambia ikipungua mwaka anapanda gari, anarudi mlimani kung'oa tangawizi zake. Kisu hakitaki. Sasa hiyo namba ya kweli itanisaidia nini mimi?"

Kwa kawaida Aika si mwanamke wa kukosa majibu. Mchaga anayelipwa na serikali kuwatania Wapare wagonjwa hawezi kuwa na ulimi mzito. Ndiyo ilikuwa kazi yake, mtani wa hospitali, na alikuwa ameifanya hapo Same mpaka wauza chai wa getini wakawa wanamwita Mchaga Wetu.

Zamani, kabla ya Sheria ya Namba, habari za namna hii zilizungushwa. Daktari alimwambia kaka, kaka akamwambia shemeji, shemeji akamwambia mchungaji, na mgonjwa mwenyewe akaambiwa ana vidonda vya tumbo. Baba yake Aika alikufa hivyo. Alipasuliwa mara mbili bila kujua anatolewa nini, watu wakimkonyeza na kumpigapiga bega, na mpaka siku ya mwisho alikuwa akiuliza hivi vidonda vitapona lini. Aika alikuwa msichana wa shule, amesimama kando ya kitanda na sare yake, na hasira ile haijamtoka.

Kisha sheria ikaja ikasema hakuna kisu kabla ya namba. Mgonjwa asikie kwanza, ndipo achague. Madaktari walipoitamka wao, watu walizimia au wakawakunja mashati. Ndugu walipoitamka, waliipaka asali mpaka ikawa namba nyingine. Ndipo mwerevu mmoja akakumbuka kwamba yuko mtu ambaye tangu enzi za mababu anaruhusiwa kukuambia utakufa lini, nawe ukacheka: mtani wako. Mpare akaletewa Mchaga, Mzaramo akaletewa Msukuma, na mambo yakaenda.

"Nisubiri hapa," Aika alimwambia Naetwe. "Kuna swali nataka kuliuliza kwanza."

*

Aliyekwenda kumuuliza hakuwa mtu. Ilikuwa mashine, nayo ilikaa kwenye chumba chenye baridi nyuma ya maabara. Jina lake la serikalini lilikuwa refu, hakuna aliyelimaliza. Watu waliiita Ramli, kwa sababu wazee walisoma maini ya mbuzi, nayo ilisoma ya binadamu.

Aika alitaja jina la mgonjwa, na ini la Mzee Kajiru likaelea juu ya meza kwa mwanga, jekundu, pana, na vinundu vyake vimepakwa njano. Vitano upande wa kulia, viwili upande wa kushoto.

"Hatua ya nne," Ramli ilisema kwa sauti ya upole, ya mwanamke asiyewahi kugombana na mtu. "Saratani ilianzia utumbo mpana. Uvimbe wa mwanzo ulishatolewa. Sasa imehamia kwenye ini, pande zote mbili. Mapafu ni safi. Namba ni kumi na moja."

"Kumi na moja ya nani?"

Watani wengi hawakuuliza. Walichukua namba, wakaenda nayo, kama mtu anavyochukua kifurushi bila kukifungua. Aika mwenyewe alikuwa mmoja wao mpaka asubuhi hiyo.

"Ya watu wanaofanana naye," ilijibu Ramli. "Nimetazama umri, damu, wingi na ukubwa wa vinundu, tezi zilizoguswa kule kwenye utumbo, na mahali anapotoka. Kufikia mwezi wa kumi na moja, nusu ya kundi hilo walikuwa wamefariki."

"Na nusu nyingine?"

"Walifariki baadaye."

"Walitibiwaje?"

"Kwa dawa, kwa muda. Kisha walirudi nyumbani."

"Hakuna aliyepasuliwa ini?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

"Walikataa baada ya kuisikia namba."

"Namba gani?"

"Kumi na moja. Wengine kumi, wengine kumi na mbili."

Aika alivuta kiti akakaa. Alirudia maneno yale kichwani polepole, maana alitaka kuwa na hakika kwamba hakusikia vibaya. Watu waliambiwa kumi na moja. Wakaenda nyumbani kuiishi kumi na moja. Wakafa, wakahesabiwa, na hesabu yao ikawa kumi na moja ya anayefuata. Ramli haikudanganya mtu. Iliulizwa watu wa namna hii huishi muda gani, ikahesabu makaburi, ikajibu. Na aliyekuwa akiwapelekea jibu hilo wodini, mmoja baada ya mwingine, kwa vicheko na matani, ni yeye Aika.

"Na huyu akipasuliwa?" aliuliza.

"Sina watu wa kuhesabu. Liko kundi la mbali, la watu wa mijini waliokubali kukatwa mara mbili. Halifanani naye."

"Niambie hivyo hivyo."

"Wengine waliishi miaka mitano na zaidi. Wengi wao saratani iliwarudia. Wachache walifia mezani."

*

Daktari Mugesi, mpasuaji, alikuwa amesimama kwenye korido akila muhogo wa kuchemsha kwa chumvi. Alikuwa mwanamke wa Kikurya mrefu, wa maneno machache, na hakushangaa Aika alipomweleza.

"Nilikuwa nikihisi hivyo," alisema. "Hawa wazee wa milimani sijawahi kumpata hata mmoja kwenye meza yangu."

"Anakatika, huyu?"

"Anakatika, kwa safari mbili. Kwanza natoa hivi viwili vya kushoto. Halafu naziba mshipa unaolisha upande wa kulia. Kulia kukinyimwa damu, kushoto kunajua kazi yote sasa ni yake, kunanenepa. Ini ni kaidi, Bi Aika, ukilikata linajijaza. Baada ya wiki kadhaa narudi, natoa kulia kote na vinundu vyake vyote."

"Na kushoto kukikataa kunenepa?"

"Simkati tena. Hapo namba yenu itakuwa imeshinda."

"Mwambie basi!"

Daktari alifuta mikono kwenye koti lake. "Habari za kisu nimemweleza. Kwenye namba mdomo wangu umefungwa. Daktari akiigusa namba anahesabiwa kwamba anauza kisu, na tusidanganyane, wapo waliokuwa wakikiuza. Na wewe unaijua sheria yako."

Aika aliijua. Namba bila pambo. Mtani aitamke, mgonjwa airudie, basi. Mtani akiongeza neno lake la kweli juu ya namba, kikao kinabatilika, yeye anavuliwa kazi, na mgonjwa hagusiki kwa kisu mpaka asikie upya kutoka kwa mtani mwingine. Mtani mwingine wa Kichaga alikuwa mmoja tu, wa Moshi, na foleni yake ilikuwa ndefu.

"Ini lake litangoja?"

"Dawa inaweza kulishikilia," alisema Daktari Mugesi. "Labda. Mimi nisingependa kulijaribu."

*

Mzee Kajiru alikuwa ameketi kitandani, mtu mdogo, mkavu, amevaa koti lake la kwendea mahakamani juu ya gauni la hospitali. Naetwe alisimama dirishani. Juu ya mlango kulikuwa na Sikio, kidude kidogo cha bati chenye taa ya kijani, ambacho kilisikiliza vikao vyote. Utani peke yake ndio Sikio liliuachia upite, maana bila hivyo hakuna kikao ambacho kingewahi kumalizika.

"Mchaga ameingia," Mzee Kajiru alisema. "Naetwe, ficha pochi."

"Na wewe ficha mafaili yako, mtani. Nasikia umemburuza jirani mahakamani kwa maji ya ndiva."

"Zamu ya bwawa Alhamisi ni yangu. Akafungulia maji Alhamisi."

"Ninyi watu! Mtauza ng'ombe mshinde kesi ya kuku."

"Na kuku tunamla."

Walicheka. Aika alisubiri kicheko kitulie, akakaa wima, akasema kwa sauti ya kazi, "Mzee Kajiru Mgonja, naitamka namba yako. Ni miezi kumi na moja."

Mzee Kajiru alicheka zaidi, mpaka akashika ubavu. "Mchaga ni Mchaga tu! Hata miezi unanipunja? Ongeza, ongeza kidogo."

Hilo lilikuwa kosa ambalo kila mtani wa hospitali alilijua na kuliogopa. Mlango uleule wa matani uliowaingiza wodini, mara nyingine uliimeza habari yenyewe.

"Ni kumi na moja, mtani."

"Nakupa mwaka na nusu, tumalize biashara."

Aika hakujibu. Mpare akirusha neno, Mchaga hulirudisha. Asipolirudisha, pana jambo. Mzee Kajiru alimtazama, akangoja, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kumi na moja," alisema mwenyewe, taratibu. Sikio likalia mlio mmoja mfupi. Namba ilikuwa imepokelewa, na kisheria Aika alipaswa kuondoka.

"Si haba," Mzee Kajiru aliendelea, akianza kufunga vifungo vya koti. "Nitang'oa tangawizi, nitapanda nyingine, na kesi itakuwa imekwisha. Naetwe, kunja nguo. Sitaki kufa nimeshonwa kama gunia."

"Baba!"

"Nimesema kunja."

Aika alibaki ameketi. Alikuwa akiogopa, na hofu yenyewe ilimkasirisha.

"Kweli Wapare," alisema. "Kesi ya kuku mnakesha nayo miaka. Kesi ya ini mnakimbia siku ya kwanza."

Taa ya kijani haikutikisika.

"Unajua hiyo kumi na moja imetoka wapi? Ramli imehesabu waoga wa milimani kwenu. Walisikia namba, wakabeba mabegi. Hakuna hata mmoja aliyekaa akakatwa. Wakaenda wakafa kwa adabu, wakahesabiwa, na sasa wewe unakwenda kujiandikisha kwenye chama chao."

Mzee Kajiru alianza kucheka, kisha akaacha. Alikuwa mtu aliyekaa mahakamani nusu ya utu uzima wake, na ushahidi aliutambua hata ulipovalishwa nguo za kuchekesha.

"Ngoja. Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi hao hawakusikilizwa. Hukumu imeandikwa mshitakiwa akiwa njiani kwenda nyumbani." Vidole vyake viliacha vifungo. Aliinama mbele. "Mtani. Hilo ulilosema, ni utani au ni kweli?"

Swali hilo halichezewi. Watani wanaweza kuitana wezi, wachawi na walafi, wakanyang'anyana chakula msibani, wala pasiwe na kesi. Lakini mmoja akisimama akauliza hivyo, matani yanawekwa chini na jibu linatolewa safi. Anayedanganya hapo ameuua utani, na hakuna atakayemwamini tena, yeye wala watani wenzake walioapa kama yeye.

Naetwe alikuwa ameelewa. Aliitazama taa, akamtazama Aika, akatikisa kichwa kwa haraka, akimwomba asijibu. Na kweli, Aika angeweza kunyamaza. Angeweza kukonyeza jicho moja, mzee akadaka maana, kijani ikabaki kijani, na kisu kikaingia wiki hiyohiyo. Lakini baba yake mwenyewe alikatwa kwa kukonyezwa. Mtu hapasuliwi kwa kukonyezwa.

"Ni kweli," Aika alisema.

Taa ikawa nyekundu. Sikio likasema kwamba kikao kimebatilika na mtani atoke.

Kwa kuwa maji yalikuwa yameshamwagika, Aika aliyamaliza. Alisema haraka, akiwa amesimama. "Liko kundi la mbali waliokatwa mara mbili. Wengine waliishi miaka mitano na kupita. Wengi uliwarudia ugonjwa. Wachache walifia mezani. Na ini lako linaweza kukataa kunenepa, ukawa umeshonwa bure. Sijui wewe utakuwa nani kati yao. Na Ramli haijui. Hicho ndicho ninachojua chote."

"Umemchelewesha!" Naetwe alipiga kelele. "Ungenyamaza tu! Angekuwa ameshakubali kisu!"

Mzee Kajiru aliinua mkono, binti akanyamaza. "Kazi yako?" alimwuliza Aika.

"Imekwisha."

"Kwa ajili ya Mpare?"

"Usijisifu. Kwa ajili ya ini."

Hakucheka. Alianza kuvua koti lake, mkono mmoja baada ya mwingine, na kumpa Naetwe alitundike ukutani. "Huyo Mchaga wa Moshi," alisema, "mwambieni aje. Kungoja tarehe ya kesi nakujua kuliko mtu yeyote."

*

Aika alirudisha kitambulisho chake siku ileile. Hawakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kufokewa. Aliwaambia wakubwa mambo yale yale aliyoambiwa na Ramli, wakayachukua kwa heshima, wakasema yatajadiliwa. Kila alasiri alipita getini kama mtu wa kawaida na chungu cha mtori, na Mzee Kajiru akaula huku akilalamika kwamba Wachaga hata ndizi wanaziponda ili zionekane nyingi. Naetwe alipokea chungu bila salamu, akakirudisha kimeoshwa, bila salamu.

Dawa ya kulishikilia ini ilimtoa mzee nyama mashavuni. Mikono ilimfa ganzi, akawa anashika kijiko kwa ngumi. Mara mbili Aika alimkuta amegeukia ukutani, na mara ya pili hakutaka mtori wala utani. Aika alikaa naye hivyo hivyo, akijilazimisha asikimbie.

Mtani wa Moshi alipofika hatimaye, kijana mmoja aitwaye Oforo, aliitamka namba ya mzee na kuondoka kama sheria ilivyotaka. Mzee Kajiru aliirudia bila kutetereka, akaomba kalamu, na kwa vidole vile vilivyokufa ganzi akaweka sahihi ya kukubali kisu.

Kisha picha ikapigwa upya. Daktari Mugesi alimwita Aika kando ya mlango wa maabara, ingawa hakuwa na wajibu wa kumwita.

"Kinundu kimeongezeka kimoja," alisema. "Kulia. Kitatoka pamoja na upande huo, hakibadilishi njia yangu. Kingetokea kushoto, ningekuwa nakwambia mengine sasa hivi."

"Kimetokea katika siku nilizompotezea."

"Ndiyo," alisema Daktari Mugesi, ambaye hakuzoea kupaka asali.

Asubuhi ya kisu, walimtoa Mzee Kajiru akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya karatasi kichwani. Alimwona Aika ukutani, akawaashiria wauguzi wasimame.

"Mchaga."

"Mpare."

"Tukubaliane kabla sijalazwa usingizi. Nikifia humo ndani, umeniua wewe. Nikipona, nimepona mwenyewe."

Korido ile haikuwa na Sikio, wala taa ya kumwambia mtu lipi ni lipi. Mdomo wa mzee ulikuwa umetabasamu. Macho hayakutabasamu. Aika alikuwa na majibu tele, hata matatu yalimjia palepale, ya kuchekesha, ambayo yangewavusha wote wawili mpaka mlangoni. Alikifikiria kile kinundu kipya. Akafikiria pia wale wote aliowapelekea namba wakabeba mabegi, ambao hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kumwambia neno kama hili.

"Nimekubali," alisema.

Mzee Kajiru aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesikia hukumu anayoweza kuishi nayo, akawaambia wauguzi wasukume. Milango ikafunguka, ikajifunga.

Aika hakwenda nyumbani. Alisimama akiitazama milango ile mpaka aliposikia benchi likikwaruza sakafu. Ni Naetwe, aliyekuwa amesogea kidogo ili kumwachia nafasi.